Aliyekuwa Akiishi Naye

4 Februari

Kitinda,

Miwani ya Mama imefika salama. Mimi sijambo. Hofu juu yako sina, maana kila asubuhi nikimvisha Mama unanitazama kutoka ukutani na joho lako, ile picha ya gazeti ya siku ulipoapishwa. Juzi amenifanya nihamishe kalenda kwa sababu ilikuwa inakufunika bega. Usidhani mimi sina picha. Ipo kwenye droo, pamoja na kadi za chanjo.

Chumba chako nacho kipo vile vile. Kila Jumamosi nabadilisha shuka la kitanda kisicholaliwa, eti ukija ghafla usikute vumbi. Mafaili yangu yapo chini ya kitanda changu kwa kukosa pa kuyaweka.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Jana mahakamani kwangu alisimama fundi cherehani, mwanamke wa makamo. Kwa miaka kumi na miwili ameishi na mkunga mstaafu aliyepanga nyumba ya vyumba viwili. Alikuja kuomba kona ya kuweka mashine yake, akabaki kumwogesha na kumlisha. Mkunga amefariki, na mwenye nyumba anataka nyumba yake. Kifungu cha kumi na mbili unakijua kuliko jina lako: mpangaji akifariki, jamaa yake aliyekuwa akiishi naye atabaki katika nyumba kwa masharti yale yale.

Wakili wa mwenye nyumba akasimama, akakohoa, akanisomea hukumu yako ya miaka minne iliyopita. "Jamaa ni wa damu au wa ndoa. Mahakama husoma sheria, haiiandiki. Aliyetaka kusema zaidi angesema zaidi." Halafu akainama: "Mheshimiwa, mahakama hii inafungwa na maneno hayo."

Maneno hayo ni yangu. Nilikuambia mezani jikoni, mimi namenya viazi, wewe unajiandaa kwa mtihani. Leo yananirudia na jina lako juu yake, nami nainamisha kichwa. Zamani nikisema kalale, ulikuwa unalala. Sasa wewe uko Rufaa, mimi hakimu wa wilaya. Ukisema jamaa ni damu, mimi ndiye ninayelala.

Nakuonea wivu, mdogo wangu. Nimeona nikuandikie wazi kuliko kuuguza tumbo.

Hukumu nitaisoma tarehe 20 Machi. Nikikufuata wewe, yule mama anatoka na cherehani yake kichwani.

Dada yako

13 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikuwa na kesi ndani, na unajua siwezi kuizungumza. Leo iko mbele yako, kesho inaweza kuja mbele yetu. Kwa hiyo nasema la jumla tu, lile ambalo ungemwambia mwanafunzi. Kama mambo ya kesi yako ni tofauti na ya kesi yangu, onyesha tofauti, uende njia yako. Kama hayana tofauti, fuata. Kila mahakama ikiimba wimbo wake, mwananchi hataijua sheria mpaka imwangukie. Nadhani hata hilo ulinifundisha wewe.

Kuhusu maneno ya jikoni, sikumbuki kama yalikuwa yako. Labda. Miaka ile nilisoma vitu vingi.

Nina habari, ila usimwambie Mama bado. Kiti cha kuongoza mahakama yetu kiko wazi na jina langu ni moja kati ya matatu. Usaili ni mwezi wa nne. Mama akisikia atatafuta fremu kubwa zaidi, na wewe utahamisha na kabati.

Ahsante kwa shuka.

Mdogo wako

21 Februari

Kitinda,

Hukumbuki. Haya.

Nimetafuta hiyo tofauti unayosema. Katika kesi yako mtu aliishi na marehemu miaka tisa, katika yangu ni kumi na miwili. Kwako alikuwa mwanamume, kwangu ni mwanamke. Wako alikuwa akipika, wangu anashona. Nimezigeuza kesi hizi kama mtu anayetafuta tofauti ya mayai mawili. Hakuna, na wewe unajua hakuna.

Wakili alimuuliza fundi, "Marehemu alikuwa nani kwako?" Akajibu: "Akikohoa mara moja najua anataka maji. Akikohoa mara mbili, nimwinulie mto." Wakili akasema hakuulizwa kikohozi, aseme ni kwa damu au kwa ndoa. Yule mama akasema, "Kwa kukaa." Kisha akaongeza kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Wakili akasema methali si sheria. Alikuwa sahihi, nikaandika kwamba yuko sahihi, na kalamu ikanichubua.

Unamjua fundi saa? Humjui, hukumu yako ndiyo inamjua. Mwaka juzi nilimtoa kwenye nyumba aliyoishi miaka kumi na minane na rafiki yake, mwalimu mstaafu. Nilipomaliza kusoma hakulalamika. Aliomba siku moja tu ya kuteremsha saa zake ukutani. Nikampa siku mbili, nikajiona mwema.

Sasa nikuulize la miaka tisa iliyopita. Tuliomba ujaji sote wawili. Mama alipika akitegemea sherehe mbili, ikawa moja. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na nusu yake ilikuwa kweli. Je, walikuuliza habari zangu kule ndani? Uliwajibu nini?

Na swali la mwisho. Kabla hujaandika hukumu ile, ulifungua juzuu ya kumi na nne ya hukumu za mahakama yenu?

Dada yako

27 Februari

Dada, shikamoo.

Hawakuniuliza habari zako. Nilijiandaa waniulize, nikawa na majibu mazuri, hawakuuliza. Sikukuambia kwa sababu niliona kutoulizwa kutakuuma zaidi.

Na hivyo vigelegele nilivisikia. Nusu nyingine nayo niliisikia.

La juzuu sielewi linatoka wapi. Tulipitia kila hukumu iliyokuwa kwenye faharasa chini ya kifungu hicho. Kama una jambo, sema. Kama huna, usinitie homa kabla ya usaili. Watu wazima hawarushiani mawe kwenye bahasha.

Mdogo wako

6 Machi

Kitinda,

Nasema basi. Soma ukiwa umekaa.

Miaka thelathini na moja iliyopita, kabla sijasoma sheria, nilikuwa karani wa maktaba ya mahakama yenu. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa faharasa za vitabu vya hukumu, mada moja baada ya nyingine. Katika juzuu ya kumi na nne nilikuwa nimefika herufi J pale Mama aliponitumia mtu: Kitinda kalazwa, kidole tumbo, anapasuliwa leo, njoo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Niliacha karatasi kwenye mashine nikakimbia. Nilikaa wodini siku nne nikikupepea. Niliporudi kazini niliendelea na K.

Nilichokiruka kiko ukurasa wa mia mbili na tisa. Ni hukumu ya majaji watatu wa mahakama yako, kifungu kile kile cha kumi na mbili. Walisema Bunge halikutunga sheria ile kulinda ukoo. Lilitaka mtu aliyempoteza mwenzake asipoteze na paa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo jamaa ni yeyote aliyeishi na marehemu kama watu wa nyumba moja. Wewe ukaja ukaamua kinyume bila kuiona, kwa sababu faharasa haikukuonyesha, kwa sababu mimi nilikuwa nakupepea. Hata hilo nimekulaumu nalo.

Nililigundua wiki ile ile hukumu yako ilipotufikia, nikakumbuka ile J niliyoiacha kwenye mashine. Nilisafiri mpaka maktaba, nikafungua ukurasa, upo. Nikafunga kitabu nikarudi nyumbani.

Nilijidanganya kwamba nasubiri wakati mzuri wa kukuambia. Kila Mama aliposema, "Mdogo wako ana akili ile," moyoni nilijibu, angejua. Nilifurahi, Kitinda. Miaka minne nimekuwa na furaha kwa ajili ya ukurasa mmoja. Wewe ulikuwa na joho na gari na watu wa kukufungulia mlango, mimi nilikuwa na ukurasa wa mia mbili na tisa.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Hukumu mbili za mahakama yenu zikigongana, sisi wa chini tunaruhusiwa kuchagua, na ile iliyotolewa bila kuiona ya kwanza ndiyo dhaifu. Ningeweza kuchagua tangu siku ya kwanza. Sikuchagua. Nimetoa watu watatu kwenye nyumba zao kwa maneno yako nikijua hayasimami. Ningeitoa siri kwa kesi ndogo ya fundi saa, nani angesikia? Nilitaka itoke siku ambayo wewe uko juu kabisa na watu wote wanakutazama.

Usaili wako ni mwezi wa nne. Hukumu yangu ni tarehe 20 Machi. Siku niliyokuwa naingoja imefika, na nimekaa nayo hapa mezani hainipi raha hata kidogo. Namwona yule mzee anauliza kama anaweza kupata siku moja ya saa zake.

Dada yako

12 Machi

Dada, shikamoo.

Nilisoma nikiwa nimekaa, nikasimama, nikakaa tena.

Niliijua. Nilikudanganya katika barua iliyopita. Mwezi mmoja baada ya hukumu yangu, mmoja wa wale majaji watatu, mstaafu sasa, alinitumia nakala kwa posta. Bahasha haikuwa na barua wala salamu, ni ukurasa wa mia mbili na tisa peke yake. Niliufungia kabatini. Nikajitetea kisheria, wewe unajua jinsi tunavyojua kujitetea: jaji hawezi kufungua upya hukumu yake mwenyewe mpaka mtu alete kesi. Ni kweli. Lakini hakuna sheria iliyonizuia kumwambia kiongozi wangu, au kukuambia wewe.

Nilikuwa nakungoja. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayesoma kila kitu. Nikasema Dada ataiona, ataniandikia, atanigombeza kama zamani, nami nitapata nguvu ya kusahihisha. Mwezi ukapita, miezi sita. Ndipo nikaelewa umeiona na unaihifadhi. Nikakasirika. Nikasema basi, tuone nani ataanza. Kwako wametoka watatu. Katika mahakama nyingine sijui ni wangapi. Walikuwa wanatolewa na sisi wawili tumekaa tunatazamana.

Maneno ya jikoni nayakumbuka vizuri. Ulikuwa na plasta kwenye kidole gumba na viazi vilikuwa vimeanza kuchipua. Nilisema sikumbuki kwa sababu kila nikiandika jambo zuri nasikia sauti yako, na wakati mwingine natamani kusikia yangu.

Unanionea wivu kwa picha. Mama alipougua mwaka juzi nilikuja siku tatu, unakumbuka, wewe ulikuwa umekwenda kuchukua dawa. Nilimshika mkono. Akafumbua macho akanitazama kwa adabu, kama mgeni, akaniuliza, "Binti yangu yuko wapi?" Mabinti tuko wawili, lakini alikuwa anakuulizia wewe. Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji, ukanikuta, nikakuambia ni vumbi. Dada, picha hutundikwa ya mtu asiyekuwepo. Wewe upo, anakuona. Nimekuonea wivu kwa hilo kuliko wewe ulivyonionea kwa joho.

La kidole tumbo unisamehe, sikukiomba.

Sikuambii uamue vipi. Usaili wangu usiuhesabu. Kesi hii ikija kwetu, sitakaa kwenye jopo.

Mdogo wako

20 Machi

Kitinda,

Nimeisoma asubuhi. Mahakama ilikuwa imejaa nusu, feni moja haifanyi kazi.

Nimefuata ukurasa wa mia mbili na tisa. Nimeandika kwamba hukumu yako ilitolewa bila kuiona ile ya kwanza, na sikuweka chumvi. Nimeandika pia kwamba faharasa ilikosewa na karani, na karani huyo ndiye hakimu anayesoma. Aya ya mwisho nimesema mahakama hii iliijua hukumu ya kwanza kwa miaka minne na ikanyamaza, na watu watatu waliumia. Sababu sikuandika, hiyo ni yetu. Nakala nimeipeleka mwenyewe kwa tume inayosimamia mahakimu.

Fundi hakuelewa mengi. Aliuliza, "Kwa hiyo mashine nisiihamishe?" Nikamwambia asiihamishe. Wakili amesema atakata rufaa.

Nilidhani nitajisikia nimeshinda, nimechoka tu.

Dada yako

9 Septemba

Dada, shikamoo.

Rufaa imekwisha jana. Wenzangu watatu walikaa, mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la watu waliokuja kusikiliza. Fundi anabaki. Hukumu yangu imetenguliwa rasmi, haitafuatwa tena na mahakama yoyote.

Kiti amepewa mwingine. Siku ya usaili nilitoa ule ukurasa kwenye bahasha nikawawekea mezani kabla hawajaniuliza jina. Waliupitisha mkono kwa mkono, kisha wakaniuliza kuhusu bajeti ya samani.

Sasa la kukuudhi, au la kukufurahisha, chagua. Wamenukuu aya nne za hukumu yako nzima nzima, na wamemnukuu fundi wako. Aya ya thelathini: mtu anaweza kuwa jamaa kwa damu, kwa ndoa, au, kama alivyosema mlalamikiwa, kwa kukaa. Mawakili waliokuwa mbele yangu wakaandika haraka haraka. Nikaona wivu mpaka masikio yakapata moto. Nimeandika hukumu mia mbili na zaidi, na ile moja niliyojulikana nayo ilikuwa ya maneno yako. Wewe imekutosha moja, na kuanzia jana kila nikiletewa kifungu cha kumi na mbili, nafungwa na ulichokisema.

Ukisema kalale, nalala.

Tume imekufanya nini? Huniambii.

Mdogo wako

2 Oktoba

Kitinda,

Tume imenipa karipio na kunistaafisha. Ni haki. Joho langu la wilaya, lile lisilo na nakshi, Mama ameamuru liwe pazia la dirisha la jikoni, anasema kitambaa ni kizuri.

Nimekuwa nawatafuta wale watatu. Wa kwanza anakaa kwa mwanawe. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema ahsante kwa kuja, akafunga. Wa pili amefariki mwezi wa sita. Jirani ndiye aliyeniambia, akaniuliza mimi ni nani wake.

Wa tatu ni fundi saa. Nilimkuta stoo ya nyuma ya duka la vitambaa, analala kati ya marobota, saa zake ziko kwenye maboksi. Nilimweleza yote, hata sababu, ile ambayo sikuiandika kwenye hukumu. Hakuacha kufanya kazi. Nilipomaliza akauliza, "Na mdogo wako mmepatana?" Nikasema tunaandikiana. Akasema vizuri. Nyumba aliyotoka imevunjwa, pamejengwa ghala. Hukumu mpya ni ya watakaokuja, yeye haimrudishii mlango wala ukuta.

Kwa hiyo nimempa chumba chako. Sikukuuliza, na sitakuuliza. Alibishana nami wiki mbili nzima, mwishoni akaja na maboksi sita. Nilimwogopa Mama kuliko tume. Alikaa kitini akimtazama anavyopita na maboksi, kisha akamuuliza, "Wewe ni jamaa wa nani hapa?" Mzee akasema bado ni mgeni, ndiyo kwanza anafika. Mama akamwambia akae basi.

Asubuhi saa zinapiga kwa zamu, hakuna mbili zinazokubaliana. Jana alitafuta pa kutundika ile kubwa, na Mama mwenyewe akasema picha yako isogezwe kidogo, saa ipate msumari.

Njoo mwezi wa kumi na mbili. Utalala na mimi. Upande wa ukutani ni wako, kama zamani.

Dada yako